Tableti Mbili na Kope ya Mwenye Duka

Mama yangu hamwamini mtu yeyote anayesema yuko mzima. Ukimwambia "niko muzuri, mama," anakushika kidevu, anakugeuza upande wa mwanga, anaivuta kope yako ya chini kwa kidole gumba na kuchungulia ndani. Pakiwa pekundu, utapewa kiti. Pakiwa pamepauka, utapewa sombe, yale majani ya muhogo, pamoja na matusi, na utaila hiyo sombe mpaka bakuli ling'ae. Wachumba wangu wote wawili walipimwa hivyo sebuleni mbele ya wajomba. Wa kwanza hakurudi tena. Nilimlaumu mama kwa muda mrefu, mpaka nilipokuja kusikia vituko vya yule bwana huko alikooa.

Ujuzi huo aliupata msituni, miaka ya vita. Tulikuwa tumekimbia Kindu, tukaingia porini upande wa Kalima: mama, kaka yangu mkubwa ambaye hadi leo namwita yaya, mimi msichana nisiyejua hata kuwasha moto wa kuni mbichi, na kitindamimba wetu aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Baba alikuwa amekwisha kufa kabla ya hapo, kwa homa, kifo cha kawaida kabisa, na mama alikuwa akijisifu kwamba yeye ana bahati kwa sababu kaburi la mumewe analijua. Huko porini kila mtu alikuwa muzuri. Muulize mtu ambaye hajaonja chumvi tangu mvua zianze, atakujibu: "Tuko tu muzuri." Jirani yetu mmoja alimjibu mama hivyo asubuhi, na kabla jua halijazama tulikuwa tunamchimbia kaburi kwa kifuniko cha sufuria. Mama alilia kwa hasira. "Kwa nini hakusema?" alirudia. "Kwa nini hakusema?" Ndipo muuguzi mmoja aliyekuwa amejificha pamoja nasi akamwonyesha namna ya kuangalia kope: damu ikipungua mwilini, pale ndani panakuwa peupe. Tangu siku hiyo maneno ya watu yakawa kwake kelele za vyura. Kitindamimba wetu, ambaye kope zake zilikuwa nyeupe kila mara, alivutwa macho asubuhi na jioni mpaka tukarudi mjini.

Sasa huyo kitindamimba ni mwanaume wa ndevu. Anaishi Lubumbashi, anachomelea vyuma, na hatujamwona tangu aondoke, maana ndege ina bei ya kichaa na treni ya kutoka kule kuja kwetu ni ya kuombewa dua. Kila Ijumaa anapiga simu. "Mama, niko muzuri." Ijumaa moja akakohoa. Kikohozi tu, hata mimi ningekohoa kwa moshi ule wa vyuma. Mama akaiweka simu chini, akatutazama kana kwamba sisi ndio tumemkohoza.

"Anadanganya," akasema. "Ule mutoto hana damu."

Akaanza kutokula vizuri. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Na lililotutia hofu zaidi ni kwamba macho yake mwenyewe yalikuwa yanakwisha. La kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, limekuwa jeupe kama yai lililochemshwa, na la kulia lilikuwa limeanza kufuata. Daktari alisema linapasuliwa na mtu anaona tena. Mama akamjibu kwamba watu wenye visu ameshawaona wa kutosha maishani. Kisha akatukalisha, yaya na mimi, akatuwekea sheria: "Musimwambie mudogo wenu. Akijua, ataacha kazi na kuja. Mukimwambia, nitawalaani, na munajua dua zangu zinafika." Yeye alitaka jambo moja tu duniani: aone kope ya mwanawe kabla jicho la kulia nalo halijafunga duka. Simu zetu zilikuwa za kioo kidogo tena kilichopasuka, mtu mzima anaonekana vipande vipande. Kwa hiyo tukaamua kununua tableti.

Kuamua ni rahisi. Fedha zilikuwa zangu, nilizoweka kwa ajili ya cherehani mpya, kwa hiyo midomo yangu ilikuwa imeshavimba kabla hatujatoka nyumbani. Yaya ni karani, na karani hanunui hata dagaa bila kulinganisha. Alikuwa ameuliza mji mzima. Alijua ukubwa wa ekra, yaani kioo chake, nafasi ya picha, nguvu ya batri. Alivisema vyote kwa Kifaransa ili nisimkatize. Nikamkatiza.

Duka lenyewe lilikuwa karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mwanaume wa makamo, shati limenyooshwa pasi, manukato yanakupokea tangu barabarani. Akatuwekea tableti mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, rangi ya dhahabu, na imekuja na jamaa zake wote: kibodi, mfuko, kalamu, waya wa masikio. Ya pili ilikuwa ndogo, nyeusi, haina hata kifuniko, na bei yake mara mbili ya ile kubwa.

"Subiri," nikasema. "Hii ndogo, iko uchi, njo ya bei kali?"

"Ya, mama, ile njo ya kweli kabisa. Kamera yake inaona mpaka roho," mwenye duka akanijibu.

"Roho ya nani? Mimi nataka mfuko."

Yaya akazichukua, moja kila mkono, akafumba macho, akawa anazipandisha na kuzishusha kama mnunuzi wa mawe ya madini ya Kalima. Sisi tuliopitia vita tulizoea kuchagua redio hivyo: nzito ndiyo imara, nyepesi ni bati na upepo. "Kubwa iko nzito," akatangaza. "Batri yake iko kubwa. Hapa kwetu umeme ni mgeni, tunahitaji batri." Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, yaya na mimi tulikubaliana. Nikafungua mkoba haraka kabla hajabadili mawazo.

"Munanunua nini?" akauliza mama. Tulikuwa tumemsahau kwenye kiti.

"Tableti, mama. Hii kubwa."

"Inaonyesha kope?"

Mwenye duka akacheka kwa adabu. Masikini, hakumjua mama. Akasema inaonyesha kila kitu, tena inapendezesha: inafuta chunusi, inanyoosha mikunjo, inang'arisha ngozi, mabibi harusi wote wanaitaka hiyo. Mama akamwambia ainame. Akainama. Mama akamshika kidevu, akaivuta kope yake ya chini, akaniamuru niielekeze ile tableti ya dhahabu hapo usoni pake. Yaya akajifanya anasoma kalenda ukutani. Watu waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni, na mwanamke mmoja mwenye beseni la ndizi akalitua kabisa ili aangalie vizuri.

Mama akaisogeza tableti karibu na jicho lake la kulia, karibu hata pua ikagusa kioo. Humo ndani mwenye duka alikuwa amependeza kama bwana harusi, na kope yake ilikuwa nyekundu kama ndani ya pera lililoiva. Kisha mama akaiweka tableti pembeni, akamvuta mtu mwenyewe mpaka nyuso zikakaribia kugusana, akachungulia.

"Eh!" akasema. "Weye huna damu!"

"Mama mukubwa, miye niko muzuri tu."

"Nyamaza. Iko nyeupe. Unachoka ukipanda ngazi?"

Mwenye duka akatazama mlangoni, akatazama meza. "Kidogo," akakiri.

"Nenda ukapimwe. Kula sombe. Na hii kitu yako inadanganya."

Yule bwana, jasho linamtoka, akasema kuna mahali pa kuzima huko kupendezesha, unabonyeza tu mara moja. Mama akasema mwongo akinyamaza haachi kuwa mwongo. Akataka ile nyeusi. Nikaielekeza, roho yangu ikiomba ionyeshe upuuzi wowote, lolote, ili cherehani yangu ipone. Wapi! Tableti ile nyeusi ikaonyesha kope ya mwenye duka ilivyo, imepauka, na kovu dogo juu ya shavu, na unywele mmoja aliousahau kwenye kunyoa. Mwanamke wa ndizi akapiga makofi.

"Njo hii," mama akasema.

"Mama, bei yake njo mara mbili!"

"Ulitaka uninunulie uongo kwa bei ya chini?"

Nililipa. Nilimlaani mwenye duka moyoni, halafu nikamhurumia kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, anajivuta kope mbele ya kioo cha duka lake. Angalau alitupa mfuko bure. Njiani yaya alinieleza kwa Kifaransa kwamba tumefanya kosa la kiuchumi, nami nikamwambia kwa Kiswahili anyamaze.

Ijumaa ikafika. Mama alioga mapema, akavaa kitenge kipya na kilemba, akaketi kibarazani kwangu ambako rezo, mtandao wa simu, inashika vizuri. Mimi nikakaa ubavuni pake, yaya akasimama nyuma akishikilia ukuta. Tableti ikaita, nikabonyeza, na kitindamimba wetu akajitokeza.

Yo! Alikuwa mzuri ajabu. Ngozi inang'aa, hana mkunjo, ndevu kama zimechorwa. Mama hakumsalimu hata. "Vuta kope," akasema. Yeye akacheka kicheko chake kilekile cha utotoni, akavuta. Nyekundu. Nyekundu kama pera.

"Alhamdulillahi," mama akasema, na mabega yake yakashuka. "Iko na damu. Mutoto wangu iko na damu."

Pera lile nilikuwa nimeshaliona. Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wetu wote, wa karani na wa fundi cherehani na wa mama yao: uso wa ndugu yetu ulikuwa unapigwa picha na simu yake yeye, huko Lubumbashi, nayo bila shaka ni ya ukoo wa ile tableti ya dhahabu, ukoo wa kupendezesha. Kamera kali tuliyoilipia mara mbili haikuwa inamtazama yeye hata kidogo. Ilikuwa inatutazama sisi. Nikanyoosha mkono niifunike.

Nilichelewa. Kicheko cha kule kilikuwa kimekatika.

"Mama," ndugu yangu akasema. "Ile jicho yako ya kushoto iko na nini?"

"Njo rezo," mama akajibu haraka. "Rezo iko mubaya leo."

"Rezo iko muzuri. Naona mpaka nyuzi za kilemba chako. Jicho iko nyeupe."

"Moshi. Nilikuwa napika."

"Mama. Ziba ya kulia."

Mama akakaa wima na kitenge chake kipya kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Kisha akainua kiganja polepole, akaziba jicho la kulia. Kule kwenye kioo ndugu yangu akainua mkono.

"Vidole ngapi?"

Mkono mwingine wa mama ukanitafuta chini ya kitenge, ukayapata mapaja yangu, ukasubiri. Nilijua anachotaka: nimgonge hesabu ya vidole. Sikumgusa. Nyuma yangu nilisikia yaya akivuta pumzi. Na kule Lubumbashi ule mkono ulioinuliwa ulikuwa umekwisha kushuka. Ndugu yangu alikuwa ameuziba nao mdomo, mabega yake yanatikisika.

"Tatu," mama akasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Akageuza uso upande wangu, kiganja bado kimeziba jicho.

"Nimepata?"