Fataki za Kolwezi na jirani aliyeuliza mno tutazitazama wapi

Wakuu, habari za jioni. Akina mama wenzangu najua mmejificha humu, nawasalimu pia.

Nimeona mtu kauliza sikukuu hii fataki zitazamwe wapi, na watu wanabishana ghorofa gani ina view nzuri. Mimi ni mtu mzima, mzaliwa wa Kolwezi, na neno fataki mpaka leo linanishtua. Nitasema yaliyonikuta kama yalivyokuwa. Asiyeamini apite tu, hatugombani.

Ilikuwa enzi za Zaïre. Vita ilikuwa imetoka kupita, na kila mtu alimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Ukicheka na askari, majirani wanakusema. Usipocheka naye, anakuuliza una nini.

Bwana yangu alikuwa fundi umeme mgodini. Tulikaa nyumba za wafanyakazi upande wa Manika, sisi wawili tu. Chumba cha nyuma tulikuwa tumemficha mdogo wake, Ilunga, mwalimu wa shule. Mtu alikuwa ameenda kuwaambia askari eti Ilunga aliwaonyesha waasi njia. Uongo mtupu! Lakini siku zile ukishabebwa, utajieleza kwa nani? Vijana wa mtaa wetu walibebwa hivyo hivyo na hatukuwaona tena.

Sasa ikatangazwa kwamba sikukuu itakuwa na fataki. Mkubwa wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba: watu wote watoke wakashangilie, atakayejifungia ndani atasema kwa nini.

Mahali pa kutazama palikuwa pawili. Uwanja wa mpira wa Manika, au juu ya kile kilima cha mawe yanayotupwa na mgodi. Wenye magari walijisifu kwamba wao wataenda mpaka barrage, lile bwawa la Nzilo, eti huko nako zitarushwa juu ya maji. Sisi wa miguu tukasema uwanjani panatosha.

Hapo ndipo jirani yetu alipoanza. Mama Ngalula, mjane, mtu wa kuja kutoka Kasai, miguu inamsumbua.

"Mama, fataki mutaangalia wapi?"

"Ku kiwanja, mama."

"Bote? Hakuna mwenye atabakia mu nyumba?"

"Bote."

Kesho yake bombani, akaniuliza tena yale yale. Nikamuuliza na yeye anaenda wapi. "Mi miguu inaniuma, nitabakia."

Eeh! Mkubwa kasema kila mtu atoke, yeye anabaki kufanya nini?

Nikamwambia bwana yangu. Akaacha kula. "Ule mama anatupima. Anapeleka maneno." Tangu hapo akikohoa tu ukutani kwake, sisi tunanyamaza. Nilianza hata kuhesabu ni lini alikuja kuniomba chumvi na kwa nini. Askari wasingejaa stesheni, Ilunga angehama usiku ule ule.

Siku ikafika. Tukafunga kila kitu, milango, madirisha, pazia. Tukamwambia Ilunga asiwashe hata kibiriti. Tukaenda uwanjani tukiwa na mavazi ya sikukuu.

Giza lilipoingia tu, wakaliza sirène, king'ora cha mgodi, kuanzisha sherehe.

Nisimame hapa kidogo, kwa wasiojua kwetu. Mgodi ukitaka kupasua mwamba kwa baruti, sirène inalia kwanza. Ukiisikia unakimbia kufungua madirisha yote, maana mtikisiko ukikuta yamefungwa, vioo vinamwagika ndani. Kolwezi hilo hufundishwi, unakua nalo.

Fataki zikaanza. Watu wanapiga kelele, mimi natazama upande wa nyumbani tu. Tukavumilia, tukashindwa. Bwana yangu akasingizia tumbo, tukaondoka.

Wakuu, tulikuta madirisha yetu yote wazi. Pazia zinapepea nje. Chumba cha nyuma hakuna mtu.

Bwana yangu akakaa chini kwenye simenti. Mimi hasira zilinipanda mpaka sikuona mbele. Nikachukua mchi wa kutwangia sombe, yaani kisamvu, nikaenda kwa Mama Ngalula. Leo ataniambia kamuuza kwa nani!

Nikasukuma mlango wa jikoni. Ilunga amekaa kwenye kigoda, sahani ya bukari, ugali wetu, magotini, anatazama fataki kupitia mlango wa uani. Alikuwa hajaona anga tangu tulipomficha. Machozi yanamtoka na huku anatafuna.

Mama Ngalula akaniona na mchi wangu, akanigeukia yeye sasa kwa ukali:

"Munaacha muntu mu nyumba, madirisha yote ya kufunga? Bioo bingemuangukia! Mi nalikuwa nauliza munaenda wapi juu nijue nani atamufungulia!"

Kusikia sirène alikuwa amejikokota na miguu yake mpaka dirisha letu la nyuma, akagonga: "Mutoto wangu, fungua, bioo!" Ilunga akafungua yote, naye akamchukua kwake ale.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akacheka. "Bukari ya batu babili haiombe sufuria kubwa vile."

Mngedhani tulitulia. Wapi! Bwana yangu akasema, kama huyu amejua, nani mwingine anajua? Alfajiri, askari bado wamelala na pombe ya sikukuu, Ilunga akapanda treni ya mizigo kwenda Lubudi kwa wajomba. Asubuhi Mama Ngalula akaja na sahani nyingine imefunikwa. Akakiona chumba kitupu, akanitazama. "Aya," akasema, akarudi na sahani yake. Hakuniuliza tena naenda wapi.

Na hakuna askari hata mmoja aliyewahi kuja kwetu. Hata mmoja.

Miaka ikapita. Zaïre ikielekea mwisho, watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa Kolwezi, wakarundikwa stesheni na mizigo yao. Mama Ngalula, kizee sasa, alikuwa kati yao, amekalia godoro. Nilimpelekea bukari. Yeye ndiye aliyeuliza: "Na ule mutoto?"

"Iko Lubudi, mama."

Treni za Kasai zilipita Lubudi. Ilunga alikuwa amesikia kwamba wanafukuzwa. Kila treni iliyosimama, alikuwepo na sahani, anapita dirisha kwa dirisha akiita jina lake. Alimpata. Aliniambia kwamba mama yule, kabla ya salamu, alimuuliza kama amekula.

Kwa hiyo aliyeuliza pa kutazamia fataki: mahali pazuri kuliko pote Kolwezi palikuwa mlango wa jikoni kwa Mama Ngalula. Mimi niliupita na mchi mkononi.

Jirani anayewauliza maswali mengi, ninyi mnamwelewaje? Semeni, nasoma wote. Na sikukuu njema, fungueni madirisha.