Mpasheni Mmoja wa Mtaa Mzima

Mtaa wetu wa Voi una mpasheni mmoja tu, ingawa umetambaa kwenye nyumba sita. Nilipolijua jambo hili nilicheka peke yangu barabarani, kisha nikakimbia nyumbani kumwambia mama.

Chanzo ni ukarimu wake. Miaka miwili iliyopita alipanda kipande cha pasheni ya manjano kando ya baraza. Kiliposhika, akakata vipande vingine akawagawia majirani watano. Vyote vikastawi, vikachanua maua meupe yenye nywele za zambarau, na hakuna aliyewahi kuchuma tunda. Kila ua lilianguka kesho yake. Mama alijaribu mbolea ya mbuzi, akajaribu maji ya kuoshea vyombo, na Jumapili moja akatoa panga akalinoa.

"Jumamosi naukata," alisema. "Kivuli sikinywi."

Jumatatu nikamwendea afisa wa kilimo. Aliniuliza swali moja tu: miche mlitoa wapi? Nilipomweleza, akapiga meza kwa kicheko. Ua la pasheni ya manjano halizai kwa chavua yake yenyewe. Linataka unga wa ua la mmea mwingine. Na vipande vilivyokatwa kwenye mmea mmoja hubaki kuwa mmea ule ule. Nyuki wetu walikuwa wakizunguka nyumba sita bure.

Dada yangu anaishi Maungu, mji wa jirani. Mpasheni wake uliota wenyewe, kwa mbegu alizotema dereva wa lori. Jumanne nilisimama chini yake tangu saa sita, nikingoja, maana maua hayo hufunguka mchana. Yalipofunguka nikachuma manne, nikayalaza kwenye mkebe wa siagi, na kabla ya saa tisa nilikuwa Voi, juu ya stuli, nikipaka unga wa Maungu kwenye maua ya mama.

Jirani mmoja wa wale watano, mstaafu wa reli, aliegemea uzio wake.

"Mshenga huyo! Mahari ni mbuzi wangapi?"

"Nyamaza, baba," mama akamjibu. "Utamtorosha bibi harusi."

Nilipaka maua kumi na moja, kila moja nikalifunga uzi mwekundu. Jumatano maua yasiyo na uzi yalikuwa chini, kama kawaida. Yenye uzi yalikuwa yamenyauka lakini yameshikilia. Ijumaa asubuhi mama aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Nikatoka na mswaki mdomoni. Vijitunda tisa vya kijani, kila kimoja kama gololi! Tulivihesabu mara tatu. Panga likarudi nyuma ya mlango.

Jumamosi jirani alituita kwake. Kwenye mpasheni wake kulikuwa na kijitunda kimoja, juu kabisa, karibu na bati. Hakikuwa na uzi. Mimi sikufika huko, na yeye akaapa hajagusa ua lolote.

Tuliporudi, mama alisimama barazani na kipande cha sabuni mkononi. Kila mwezi huziba kwa sabuni matundu ambayo nyuki wakubwa weusi huyatoboa kwenye boriti yetu. Mmoja alikuwa akiingia, mgongo wake umejaa unga wa manjano.

"Ni huyu aliyeupeleka unga wa Maungu?" mama akauliza.

Sikujua. Hatukumwona akivuka kwenda kwa jirani. Sabuni bado ilikuwa mkononi mwa mama, na tundu bado wazi.