Tulivyoshukuru kwa Vichaka

Asifiwe Mungu, atoaye mvua kwa wakati autakao yeye, aliyenipa uzee wa kuyakumbuka haya.

Katika miaka ya sabini boma la baba yangu lilikuwa kwenye mteremko wa mlima Oldeani, chini kidogo ya msitu. Tembo na nyati walishuka wakivunja miti michanga, na wazee walichoma majani makavu mvua zikikaribia. Ng'ombe walifuata machipukizi. Ndivyo malisho yale yalivyobaki wazi, na baba hakutaka kingine duniani ila kufia pale.

Kisha moto ukapigwa marufuku. Bwana mmoja wa serikali alikuja kutueleza. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kidevu.

"Mwanangu, wewe hunyoa kila asubuhi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mlima je, umeuletea wembe gani?"

Yule bwana alicheka sana, lakini amri ilibaki amri.

Tembo nao wakapungua kwa sababu ya majangili. Vichaka vya leleshwa vikapanda mteremko taratibu. Mimi wakati huo nilifundisha dini Karatu, kati ya wakulima na wafanyabiashara, na kutoka huko mlima ulionekana umevaa nguo mpya. Siku ya mavuno tukatoa shukrani kanisani kwa ajili ya miti inayorudi. Mama alikuwa amekuja kutusalimu, akaniinamia sikioni.

"Ng'ombe mmewauliza?"

Ng'ombe hawali leleshwa. Miaka ya themanini mvua zilipokosa, majani yaliyosalia katikati ya vichaka yalikuwa magumu na yamejaa kupe. Ndama wakafa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe hao, mmoja baada ya mwingine. Mzee wa rika la baba alikuja kumshawishi wahame.

"Ukibaki hapa utachunga kupe."

"Hao angalau hawapotei," baba akajibu. Wakacheka wote wawili, kisha baba akaenda kuwahesabu ng'ombe waliosalia.

Baba na mama waliteremka hadi bonde la Olbalbal, kwenye vumbi na maji ya mbali. Huko ndiko baba alikofia, kabla mvua hazijarudi. Nilisoma maneno ya maziko mwenyewe. Udongo ulikuwa mkavu hata haukushikamana mkononi, na kila aliyetupa konzi lake, upepo ulichukua nusu.

Wewe unayesoma, Mungu akupe malisho karibu na maji, na akujalie kuzeeka mahali unapopapenda. Amina.