Gita la Shabani Nililolifuta

Mchana ule nililala, mimi nisiyelala mchana. Nilikuwa nimetoka studio kuisikiliza albamu yangu, ya kwanza kuipiga bila bendi baada ya miaka thelathini na tano ya roki. Nyimbo zote ni za huzuni, maana Shabani, mpiga gita la rithim wetu na rafiki yangu wa damu, kafa. Kila chombo nimekipiga mwenyewe, na nilikuwa najisifu, sikufichi. Nikajinyoosha mkekani, usingizi ukanichukua.

Nikamwona Shabani. Amekaa kwenye ukumbi wetu wa mazoezi, kofia yake ileile, gita mapajani. Ukumbi ni wetu, ila vitanda vya hospitali vimepangwa ukutani, na mimi sishangai. Anapiga. Mkono unakwenda, nyuzi zinatikisika, sauti hakuna. Nachomoa waya, nauchomeka tena. Kimya. Moyo unaniuma kama jino, maana najua kwa nini hasikiki.

Wimbo wa mwisho wa albamu tuliurekodi naye akiwa mgonjwa, vidole vimekonda. Alipokwisha kuzikwa, fundi mitambo akaniambia gita la marehemu linachelewa nyuma ya langu, tufanyeje. Nikamwambia futa, nitapiga mimi. Na mke wa Shabani, Bi Saumu, kila tukionana ananiuliza lini atamsikia mumewe. Namwambia subira, shemeji.

Sasa tumekaa uani kwangu, jua linawaka na Shabani hana jasho. Ndipo ninapoanza kujitetea, mtu mzima ovyo. Namwambia ndugu yangu, ulikuwa unachelewa, watu wangetucheka. Haniangalii. Anagonga mguu chini taratibu, kama alivyokuwa akituhesabia miaka yote, nami nachukua gita langu nimfuate. Hapo nasikia, Mungu wangu, kwamba mguu wake hauyumbi hata kidogo. Anayekimbia ni mimi. Nimekimbia miaka thelathini na tano na yeye ananishikilia, na watu walikuwa wakinipigia makofi mimi.

"Sikuchelewa," anasema. "Nilikuwa nakungoja."

Nalia mbele yake bila haya. Namwambia nitakurudisha, leo hii nitakurudisha. Anatikisa kichwa, analaza gita chini pole pole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Saumu asisikie kwa mashine kwamba simo. Mwambie wewe."

Nikaamka shati limelowa. Nilimpigia fundi hata uso sijanawa. Alitafuta wee, akarudi kwenye simu akasema samahani mzee, hakuna nakala iliyobaki, si ulisema nifute. Kisha nikampigia Bi Saumu. Alifurahi kunisikia, masikini, akauliza kama wimbo umekwisha.

"Shemeji," nikasema, "Shabani hayumo. Nilimtoa mimi."