Jiwe Nililofulia Nguo Mwaka Mzima

Siku vidole vyangu vilipogusa maandishi chini ya karo la kufulia, nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji machafu, kanga nimeifunga kifuani, nikitafuta soksi.

Ilikuwa soksi ya mtoto. Nguo za watoto ndiyo iliyokuwa biashara yangu. Nilitoka Tanga nikaanzia Dubai, nikahamia Bangkok, na mwishoni mwa miaka ya tisini nikajikuta Guangzhou, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye mabegi mawili na Kichina cha sokoni. Wenzangu wa Dar, Unguja na Mombasa walipanga hoteli karibu na stesheni ya reli, wapate kuamkia maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu. Mimi nilizitaka nguo za soko la Shahe, maana huko vigauni vilikuwa bei chee. Basi nikatafuta chumba upande huo, nikakipata kijijini.

Nasema kijijini, wala sijakosea. Mji ulikuwa umekizunguka kijiji kile kama maji yanavyozunguka jiwe. Mashamba ya mpunga yalishageuka barabara, zikabaki nyumba tu, na kila mwenye nyumba aliongeza ghorofa juu ya ghorofa hata madirisha ya majirani yakakaribia kupeana mikono. Lakini ukishapita lango lake umeingia kwa watu wenye mambo yao. Palikuwa na zahanati yenye daktari mmoja, aliyemtambua kila mtu kwa kikohozi chake kabla hajainua kichwa. Palikuwa na soko la mboga lililokwisha saa mbili asubuhi, na nyumba ya wazee ambamo vigae vya mchezo wao ulio kama dhumna viligongwa mezani kutwa nzima. Jumba la mababu, walimotambikia wazee wao, lilikuwa limekodishwa kuwa ghala la suruali za jinzi, na mababu waliokuwa ukutani walivumilia. Katikati ya vyote hivyo palikuwa na kisima. Maji yake hayakunywewa tena, lakini wanawake waliendelea kuoshea mboga pale, na habari zote za kijiji zilipikwa pale.

Mwenye nyumba yangu alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu. Watoto wa jirani walinifundisha nimwite "Popo", ndilo neno lao la kumwita ajuza kwa heshima. Nikawaambia haiwezekani! Mimi nimwite mama mtu mzima popo, mnyama anayening'inia kwenye mapera? Nikamwita Bibi. Alilipenda neno hilo, akawa analirudia peke yake jikoni. Alipojua kwamba sili nguruwe alininunulia sufuria yangu, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini isije ikachanganyika na zake.

Mwaka ule kijiji kilikuwa kinaandika kitabu cha historia yake. Lango jipya lilikuwa linajengwa, na ofisi ya kijiji ilitaka kitabu kiwe tayari siku ya kulizindua. Kazi hiyo alipewa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee mwembamba aliyetembea na baiskeli bila kuipanda, madaftari yakiwa kikapuni. Kila mtu alimwita Laoshi, yaani mwalimu, hata waliokuwa wazee kuliko yeye. Siku moja alinisimamisha uchochoroni.

"Binti, wewe umetoka wapi? Na umeingia hapa mwezi gani?"

"Kwani nimekosa nini, Laoshi?"

"Hujakosa. Wewe ni mtu wa kwanza wa Afrika kulala kijiji hiki. Lazima uandikwe."

Nilifurahi, jamani! Kwetu mimi ni mtoto wa nane, hata siku yangu ya kuzaliwa mama aliikumbuka kwa kukisia, na hapa mtu ananiandika katika kitabu. Nilimtamkia "Tanga" mara tano mpaka akapata herufi za kuiandikia. Tangu siku hiyo akawa anasimama kila tukikutana, ananisemesha Kichina cha taratibu kama anavyosemeshwa mwanafunzi, nami ndivyo nilivyojua kinachomsumbua. Kilikuwa kile kisima.

Koo mbili zilikaa kijiji kile, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Kila ukoo ulisema babu yake ndiye aliyefika kwanza na kuchimba kisima. Zamani palikuwa na jiwe la maandishi kando yake, lenye habari yote, lakini katika miaka ya vurugu, vijana walipokuwa wakivunja kila kilichonuka ukale, jiwe likatoweka. Wengine walisema lilipasuliwa kokoto. Laoshi alikuwa amewahoji wazee wote wa nyumba ya wazee, mmoja mmoja, na kila akimaliza upande mmoja, upande wa pili ulimwita mwongo. Sura ya kwanza ya kitabu ikawa bado nyeupe.

Sasa turudi kwenye soksi. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mfereji wa uani ukaziba, maji yakajaa. Karo letu la kufulia lilikuwa bamba refu la jiwe lililolazwa juu ya matofali, na nilikuwa nimefulia juu yake karibu mwaka mzima. Nikajua soksi imeingia chini na kuziba tundu. Nikapiga magoti, nikapenyeza mkono mpaka begani, kiganja kimeelekea juu. Sikugusa soksi. Niligusa michoro.

Nikatulia. Nikapapasa tena. Haikuwa mipasuko. Mistari miwili ilikuwa imelala, miwili imesimama, imekatana kama ile tunayochora mchangani tukicheza sifuri na msalaba, mikubwa sawa na kiganja changu, na kando yake palikuwa na alama nyingine nisizozielewa. Herufi ile moja niliijua! Laoshi alikuwa ameniandikia kwenye daftari lake wiki hiyo hiyo. Ni neno lao la kisima.

Soksi niliisahau. Nilitoka mbio na kanga yangu na maji yakinichuruzika, wachuuzi wananishangaa, nikamkuta Laoshi mlangoni pa zahanati akisubiri dawa ya kifua. Kichina chote kilinitoka. Nikamshika mkono, nikamchorea kiganjani kwa kidole: miwili ya kulala, miwili ya kusimama.

"Kisima," akasema. "Ndiyo. Kisima kimefanya nini?"

"Kwa Bibi! Chini ya jiwe! Jiwe la nguo!"

Alinitazama. Halafu, wallahi, yule mzee ambaye sikuwahi kumwona juu ya baiskeli aliirukia, akapiga kengele uchochoro mzima, nami nikamfuata nyuma nikikimbia.

Bibi alikuwa amekaa kigodani anamenya maharage mabichi. Laoshi alilala kifudifudi kwenye maji na koti lake, akapenyeza mkono kama mimi. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa analia na kucheka.

"Mama, unajua hili ni jiwe gani?"

"Najua," Bibi akajibu, bila kuacha kumenya. "Mume wangu alilileta alfajiri moja kwenye mkokoteni wa samadi, kalifunika kinyesi ili vijana wasilisogelee. Akalilaza uso chini. Akaniambia, fulia."

"Miaka yote hii! Mwezi mzima nazunguka nyumba kwa nyumba naliulizia! Kwa nini hukusema?"

Bibi akainua macho. "Mimi uliniuliza?"

Ilikuwa kweli. Laoshi alikuwa amewauliza wanaume tu.

Habari zilitutangulia kufika kisimani. Kabla sijabadilisha kanga, ua ulikuwa umejaa watu, wengine madirishani na juu ya paa la jirani. Wazee wa koo zote mbili walikuja na vigae vya mchezo bado mikononi. Daktari alifunga zahanati akaja. Wakaitwa wachukuzi wanne kutoka Shahe, wale wanaobeba marobota kutwa, wakaja na mianzi na kamba zao. Bibi akasimama juu ya kigoda akawa nahodha wa shughuli.

"Polepole! Huko kwenye pembe kuna ufa! Wewe mrefu, inama!"

Jiwe likanyanyuka. Watu wakavuta pumzi. Likainuka mpaka usawa wa magoti, na hapo kamba moja, iliyolowa maji, ikateleza. Pembe ikazama, mchukuzi akapiga ukelele, jiwe likaanza kulala upande kuelekea sakafu. Sikufikiri. Robota langu la vigauni lilikuwa mlangoni, limefungwa tayari kwa safari. Nililisukuma kwa mguu na makalio na kila nilichonacho, likateleza kwenye maji, na jiwe likaliangukia kwa kishindo kizito kama cha godoro. Halikuvunjika! Ua mzima ukalipuka kwa makofi. Mchukuzi mmoja alinipiga bega nusura niangukie mfereji. Vigauni viwili vilichanika shingo, na sijawahi kuvisikitikia.

Lilipogeuzwa, uso wake ulikuwa mweusi kwa tope na ukoga. Nilikimbilia brashi yangu na sabuni, nikaanza kulisugua kama ninavyosugua shuka.

"Sabuni hapana!" Laoshi akapiga kelele, nikaitupa kama imeniunguza. Tukasafisha kwa maji matupu, mimi, Bibi na daktari. Kisha Laoshi akaleta karatasi nyepesi kama utando wa yai, akailowesha juu ya jiwe, akaigongagonga kwa brashi mpaka ikaingia katika kila shimo. Ilipokaribia kukauka akachukua kifurushi cha kitambaa chenye wino, akawa anaigusagusa. Hapo ndipo niliposhikwa na msisimko hata nikajishika kichwa. Karatasi ikawa nyeusi, na herufi zikawa zinatoka nyeupe, moja baada ya nyingine, kama watu wanaotoka ndani ya ukungu.

Laoshi akasoma kwa sauti. Mimi sikuelewa, ila niliona nyuso. Mzee wa ukoo mkubwa alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, ghafla akaacha. Mzee wa ukoo mdogo alikuwa anatabasamu, naye akaacha.

"Soma tena," mmoja akasema.

Laoshi akasoma tena, safari hii taratibu, akinitazama mimi mara moja moja ili nami nifuate. Jiwe lilisema hapo mwanzo hapakuwa na kijiji. Palikuwa na njia ya wachukuzi wa mizigo waendao mjini, na kando ya njia kibanda cha mjane aliyeuza chai. Maji aliyafuata mbali. Akachoka, akachimba kisima, na wapita njia waliokunywa chai yake wakampa siku moja moja ya kazi. Waliorudi kukaa karibu naye ndio waliokuwa mababu wa koo hizi mbili. Walikuja kwa ajili ya chai.

Halafu Bibi, aliyekuwa amerudi juu ya kigoda, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashuka akakaa chini. Wanawake wa kisimani wakadakia, wachukuzi wakadakia, na mimi nikapiga kigelegele ambacho ua ule haujapata kukisikia. Watoto waliziba masikio kisha wakaniomba nirudie.

Wazee hawakucheka siku hiyo. Walibishana wiki mbili. Ukoo mkubwa ulitaka iandikwe kwamba mjane alikuwa wa kwao kwa kuolewa, ukoo mdogo ukataka iandikwe kwamba alizaliwa kwao. Laoshi, aliyekuwa mtu wa kunyenyekea, aligoma. Alisema ataandika jiwe lilivyosema au wamtafute mwandishi mwingine. Mwishowe ofisi ikakubali. Jiwe likasimamishwa kando ya kisima, likajengewa kijipaa cha vigae, na Bibi akamwagiwa karo jipya la saruji, ambalo alililaani kila asubuhi kwamba linakula nguo.

Lakini lililonifurahisha kuliko kuzinduliwa kwa lango, pamoja na fataki na karamu yake, ni lililotokea kabla yake. Siku ya pili baada ya jiwe kugeuzwa, Laoshi alifika uani na daftari jipya. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya Bibi kama mwanafunzi, akauliza ni nini kingine anachokijua. Bibi akaanza kusimulia. Kesho yake alikuja shoga yake, aliyekuwa mkunga wa kijiji zamani, akasema yeye anajua nani alizaliwa wapi na usiku wa mvua gani. Keshokutwa wakaja watatu. Mmoja alikumbuka shule ya kwanza ilivyofundishiwa katika banda la ng'ombe. Mwingine alijua nyimbo za kupandia mpunga katika mashamba yaliyo sasa chini ya lami, na akaziimba.

Wiki iliyofuata, siku yangu ya kwenda Shahe, ua ulijaa wanawake. Nilikuwa nimevaa viatu tayari. Nikawatazama, wamekaa mstari mrefu kutoka jikoni mpaka mlango wa uchochoroni, kila mmoja na mfuko wake wa mboga, wanasukumana.

"Binti," Laoshi akaniita bila kuinua kichwa, kalamu ikikimbia, "vikombe vipo vingapi?"

"Vinne, Laoshi."

"Azima vingine kwa jirani. Hawa hawaondoki leo."

Nikavua viatu, nikaenda kubandika maji ya chai.