Nilivyochoma Posa ya Kagendo

Hii aibu niliapa sitaisema, lakini kwa vile hapa Nchiru hata muuza chapati anaijua, afadhali muisikie kwangu kabla haijaongezwa chumvi ingine.

Mimi ni mtu wa Kanja, Embu, nimekuja huku Meru kusoma, na nimepanga chumba kwa ploti ya Mama Kagendo, mlokole kabisa, sheria yake ya kwanza ni kwamba hakuna mtu kutafuna miraa ndani ya geti lake. Binti yake Kagendo ni mwalimu, na tulikuwa tunakosana na yeye kila siku juu ya mchezo fulani wa kusikiliza kwa simu, wa mwindaji wa mazimwi anaitwa Sefu. Sefu akishuku, anachoma. Mimi nilikuwa shabiki sugu (hata picha ya grupu ya mashabiki ni mimi nilichora), lakini Kagendo alisema huyo si shujaa, ni muuaji tu, kwa sababu kuna mahali alichoma zimwi mama na watoto wake na hawakuwa wamekula hata kuku wa mtu.

“Zimwi ni zimwi,” nikamwambia.

“Wewe Nyaga unapenda moto kuliko ukweli,” akanijibu, tukanuniana wiki nzima.

Sasa Jumamosi moja asubuhi niko kwa mlango nafua, naona wazee wawili wakiingia, makoti mazito na jua lote hilo, hawacheki, wamebeba kitu kimefungwa kwa majani ya ndizi, kikubwa kama mtoto mchanga. Wakaongea na Mama Kagendo kwa Kimeru cha chini chini (mimi Kimeru nashika nusu nusu, na nusu niliyoshika ilikuwa “usifungue”), wakaenda hata chai hawajamaliza. Kile kitu walikuwa wamekiacha stoo, juu ya gunia la mahindi. Nilipoenda kuomba jiko akaniambia, “Jiko chukua, lakini hiyo kitu usiguse. Hata mimi sigusi mpaka Baba Kagendo arudi kesho.”

Heh! Mlokole anaogopa kugusa kitu kwa stoo yake mwenyewe? Nikaanza kujumlisha: juzi kuku wawili walikufa, Mama anakohoa, Kagendo siku hizi anacheka peke yake akianika nguo (nilidhani amerogwa, kumbe mtu akipendwa huwa hivyo). Nikashuku wale wazee, nikashuku Mama, nikashuku mpaka paka. Ningeuliza swali moja tu, mambo yangeishia hapo, lakini Sefu haulizangi.

Mama alipotoka kwenda mazoezi ya kwaya, nikakitoa kile kitu na koleo, nikakiweka katikati ya ploti, nikamwaga mafuta taa, nikaita wapangaji wote, halafu nikawasha video iende moja kwa moja kwa grupu. “Mashabiki, leo ni leo!” Moto ukashika, wapangaji wakapiga makofi, nami nikajiona mtu. Kagendo akatoka nje, akaona, akashika kichwa.

“Nyaga! Hiyo ni ncoolo yangu!”

Watu wetu wa Embu, ncoolo ni nini? Hata mimi niliuliza, na moto unawaka. Ni miraa, wandugu. Mwanamume wa Kimeru akitaka kuoa, wazee wake wanapeleka mzigo wa miraa kwa kina msichana, na baba yake akiufungua, amekubali. Hata mlokole hawezi kuukataa mlangoni. Kuuchoma hakuna aliyewahi kusikia.

Mchumba mwenyewe, Koome, ana binamu kwa ile grupu. Kabla jivu lipoe, video imefika kwao Kinoru, na neno limerudi: wametukanwa mbele ya watu, posa imekwisha. Kagendo alilia mpaka sauti ikapotea, na mimi, wallahi, nilitaka ardhi inimeze.

Baba Kagendo aliporudi, akanipeleka Kinoru nikajieleze. Nikasimama mbele ya wajomba saba nikisimulia mazimwi. Mjomba mmoja akanipima toka viatu mpaka nywele, akasema, “Kijana, wacha hadithi. Wewe ndiye unamtaka huyu msichana.” Nikaapa kwa Mungu. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kukunja uso, na Koome hakutaka hata kuniangalia. Nilikuwa nasema ukweli mtupu na hakuna hata mmoja aliyeniamini.

Mwishowe Baba Kagendo akasema yeye huo mzigo hakuuona kwa macho, kwa hivyo hajakataa mtu, walete mwingine aufungue kwa mikono yake. Wakajadiliana sana, wakakubali, lakini bado wananitazama vibaya. Hapo nyanya ya Koome, aliyekuwa pembeni akichambua maharagwe, akaniita nikae karibu yake.

“Huyo Sefu wako, watu wanampenda?”

“Sana, nyanya.”

“Dada yangu walimshuku juu ya mtoto wa jirani aliyekuwa mgonjwa,” akasema, bado anachambua. “Waliomchoma pia walipigiwa makofi.”

Sikuweza kumwangalia usoni. Kagendo aliolewa, namshukuru Mungu, lakini grupu nilitoka siku hiyo hiyo, na tangu hapo mtu akiniambia fulani ni mchawi, ninaenda kwa huyo fulani, nabisha hodi, nakaa, nakunywa chai yake.