Mke Mzembe wa Sinema

Mimi nikitazama sinema huwa sinyamazi. Ndivyo nilivyokuwa miaka ile ya hamsini, nilipoolewa na kuletwa Nakuru kukaa kwenye landhi, zile nyumba za mistari za wafanyakazi wa reli, na ndivyo nilivyo mpaka leo. Mume wangu alikuwa faiamani, kazi yake kulisha moto kwenye injini ya garimoshi. Akirudi safari amechoka, alitaka sinema ya kumpumzisha. Mimi nilitaka sinema ya kubishana nayo.

Sinema zililetwa na gari la serikali lenye jenereta. Jua likianza kuelekea upande wa Njoro, tulibeba viti na mikeka hadi uwanja wa mpira, kitambaa cheupe kikafungwa kwenye milingoti ya goli, na mtangazaji akashika kipaza sauti ili atuambie kwa Kiswahili yale ambayo watu wa kwenye picha walikuwa wakisema. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Milango mingine ya landhi ilikuwa imepigwa misumari, wenyewe wamechukuliwa, na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Giza likiingia tu picha zilianza, ili kila mtu awahi kurudi kwake kabla ya saa ya kukatazwa kutembea.

Mume wangu alipenda zile za wapanda farasi wenye bastola. Mimi sikuzipenda, na nilimwambia.

"Ng'ombe wote wale," nikamwuliza, "nani anawakamua? Tangu tukae hapa sijaona mtu ameshika ndoo."

"Mama watoto, tazama tu."

"Natazama. Na yule aliyepigwa risasi akaanguka kwenye maji, nguo zake zilikauka saa ngapi?"

Watu wa mkeka wa mbele waligeuka kuniangalia. Sikujali. Kama mtu amekuonyesha kitu, amekupa na ruhusa ya kukisema.

Sinema niliyoisema zaidi ilikuwa ya mafunzo, ya wake wawili majirani. Mmoja alikuwa safi, mwingine mzembe. Yule safi alichemsha maji, akafagia, akaanika nguo, mume wake akanenepa. Yule mzembe aliota jua mlangoni, chungu kikafurika, watoto wakaugua tumbo. Mwisho bibi afya alikuja akamfundisha, naye akawa safi, na huo ukawa mwisho.

Kama hadithi, ilikuwa mbaya. Aliyeitunga hakuwahi kufua nguo Nakuru, ambako upepo ukivuma kutoka ziwani unakuletea vumbi jeupe la magadi, na shuka uliyoianika asubuhi inarudi ndani ngumu kama ngozi. Katika sinema ile upepo haukuvuma hata mara moja. Na yule mke safi hakuweza kuigiza kabisa. Alitembea kama mtu aliyeficha yai mdomoni.

Lakini yule mzembe! Kulikuwa na mahali ambapo kuku anaruka juu ya meza na kuanza kula ugali. Mwigizaji mwingine angepiga kelele. Yeye aligeuza shingo polepole, akamtazama yule kuku kama mkwe aliyekuja bila kubisha hodi, kisha akasogeza sahani kidogo, ili mgeni ale vizuri. Uwanja mzima uliangua kicheko. Watu walimzomea, wakamwita mchafu, wakamtupia maganda ya miwa pale kwenye kitambaa. Mimi nilimwambia mume wangu, "Huyu mwanamke anajua kazi yake. Wengine wote wanapigwa picha tu." Na maoni hayo sijayabadilisha.

Msimu wa mvua uliofuata, chumba cha pili kutoka kwetu kilipata wapangaji. Mwanamume alikuwa fundi, amehamishwa kutoka Nairobi. Kesho yake asubuhi nilikwenda mferejini kuteka maji, nikamkuta mke wake amesimama kwenye foleni na debe lake. Aligeuza shingo kuona ni nani anakuja. Nikamjua kwa ile shingo.

"Ni wewe!" nikasema. "Wewe wa kuku!"

Sikusema kwa ubaya, nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Lakini yeye aliinamisha kichwa, na hapo ndipo nilipoona kwamba wanawake wengine walikuwa wamemtambua kabla yangu. Madebe yao yote yalikuwa yamesogezwa upande mmoja, na lake lilikuwa limesimama peke yake.

Mke wa karani wa stesheni ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kanisani hata akiagiza chumvi. Alimwambia mgeni kwa upole mkubwa, "Hapa kwetu, mama, tunapenda usafi. Ukichota, suuza mfereji."

Yule mgeni alichota, akasuuza mfereji, akaenda zake.

Jioni nilibisha hodi kwake. Chumba chake kilikuwa safi kuliko changu, na changu si kichafu. Alinipa chai, akanieleza mambo yalivyokuwa. Huko Nairobi alikuwa kwenye foleni ya kliniki na mtoto mgongoni, wakaja watu wa sinema kutafuta wanawake. Mwenye meno yaliyopangika alipewa kuwa mke safi. Yeye aliambiwa, "Wewe kuwa mvivu."

"Sikujua wavivu wanafanyaje," akasema. "Kwetu Maragoli ukikaa kitako mchana, mama mkwe anakuuliza kama unaumwa. Basi nikamfikiria ami yake mume wangu. Yule mzee hajawahi kuharakisha kitu maishani. Kila walichoniambia nifanye, nilijiuliza, mzee angefanyaje?"

"Na kuku?"

"Kuku hakuwa kwenye mpango. Alikuja mwenyewe. Mzungu wa kamera alinifanyia ishara ya mkono niendelee, nikaendelea."

Nilicheka mpaka chai ikanipanda puani. Yeye hakucheka. Alisema kule Nairobi walihama mtaa mmoja kwa sababu ya sinema ile, na alikuwa amemshukuru Mungu waliposikia wanahamishiwa Nakuru, akidhani haijafika huku.

Mambo hayakuwa mepesi. Jumapili moja baada ya ibada tulikunywa chai uani kwa kanisa, kila mama na alichopika. Sahani zote zilimalizwa. Ya kwake, imejaa mandazi yaliyofura vizuri, haikuguswa. Alisimama kando yake akimfukuza nzi mmoja, akijifanya anaangalia miti. Nilichukua andazi, nikala. Nikachukua la pili. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika, "Haya mandazi ni matamu, nani anaogopa?"

Mke wa karani alinisogelea. "Mama, wewe unajua sote tuliona."

"Mliona nini?"

"Kuku mezani."

"Na yule mpanda farasi aliyeuawa mwezi juzi, mlimzika wapi? Mbona sikuitwa matangani?"

Wanawake wawili wakaficha midomo. Yeye hakutikisika. "Ile ni michezo ya Wazungu. Hii mtangazaji mwenyewe alisema, haya ni maisha ya watu wetu. Alisema ni mambo ya kweli."

Kweli mtangazaji alikuwa amesema hivyo, na pale uwanjani sauti ya kipaza sauti ilikuwa na nguvu kama ya bwana DC. Mimi nilikuwa nimeona mwanamke anafanya kazi. Wenzangu walikuwa wameambiwa wanamwona jirani yao. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba sinema inayomtukana mtu halafu inamwacha akakae na majirani zake ni sinema ya watu wasio na adabu. Alikubali, na hata hakuniambia nitazame tu.

Gari la sinema lilirudi baada ya mvua. Mchana, wakati wakifunga kitambaa, nilimwendea mtangazaji, kijana wa suti ya kaki aliyezoea kusalimiwa na kina mama.

"Leo mna ile ya wake wawili?"

"Iko, mama."

"Yule mzembe anakaa hapa landhi. Ni mwigizaji. Waambie watu hivyo."

Alitazama gari, alimokuwa ofisa wake. "Mama, mimi nasoma kilichoandikwa. Nikiongeza langu, kazi imekwisha."

Sikumlaumu. Miaka ile kila mtu alikuwa akitazama nyuma ya bega lake. Nikaenda moja kwa moja kwa jirani yangu, nikamkuta amefunga dirisha ingawa jua lilikuwa bado halijatua.

"Vaa, twende."

"Dada, sitaki. Wewe nenda."

"Usipokuja, watakutazama na wewe huwatazami. Ukija, angalau mtatazamana."

Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Kwenye picha, ninaonekanaje? Mimi sijawahi kuiona."

Hakuwa ameiona! Kule Nairobi alisikia vicheko akiwa nyumbani kwake, hakuwahi kwenda. Nilimwambia ukweli, kwamba nimeona sinema zote zilizoletwa uwanja ule, za Wazungu na za watu wetu, na hakuna aliyenifanya nisahau mkeka niliokalia isipokuwa yeye. Akachukua leso, akajifunika kichwa, tukaenda.

Tuliketi pembeni. Alipojiona kwenye kitambaa, mkubwa kama nyumba, alinishika mkono akaubana. Watu walianza kumzomea kama kawaida, na mkono ukazidi kunibana, lakini macho yake hayakutoka kwenye picha. Nilimsikia akinong'ona, "Hapo nimeharakisha." Baadaye kidogo, "Hapo ni sawa."

Kisha, yule kuku aliporuka tu mezani, picha ikakwama, ikaungua doa la kahawia katikati, na kitambaa kikabaki cheupe. Filamu imekatika. Ilikuwa kawaida. Dereva aliwasha taa za gari ili fundi wa mashine aone kuiunga, na watu wakaanza kupiga miluzi wakitaka kuku wao.

Sikumsukuma na sikumwambia kitu. Aliinuka mwenyewe, akavua leso, akapita katikati ya mikeka mpaka kwenye mwanga wa taa. Akageuza boksi la soda kichwa chini, akaliketia. Halafu mwili wake wote ukalegea, kama gunia la viazi vya Dundori lililofunguliwa kamba, na akageuza shingo polepole kumtazama kuku ambaye hakuwapo.

Miluzi ilikatika. Nilisikia jenereta tu. Akasogeza sahani ambayo haikuwapo, na kicheko kilichotoka sijakisikia tena. Hakikuwa cha kuzomea. Ulikuwa mshangao wa watu waliogundua kwamba jambo lile lilitengenezwa, na aliyelitengeneza yuko mbele yao.

Hakuishia hapo. Alisimama, akanyoosha mgongo, akatembea na mdomo umefungwa kama ana yai ndani, na kila mtu akamjua yule mke safi. Akarudi kwenye boksi akawa mzembe. Akasimama akawa safi. Akawakutanisha, wakagombana, wakasalimiana, yeye peke yake katika mwanga ule, na filamu ilipokuwa tayari watu walimpigia kelele dereva azime mashine ya picha. Ofisa alitoka garini, akasimama na mikono kiunoni, akaamua kucheka. Mke wa karani alikuwa ameegemea mlingoti wa goli, machozi yakimtoka, akisema, "Jamani, mwacheni, nitakufa!"

Hakuwahi kuomba msamaha, mke wa karani. Hiyo nitaisema kama ilivyokuwa. Lakini wiki ile alikwenda kwa jirani yangu akiwa amebeba unga, akataka afundishwe mandazi yale yanavyofura, akakaa mpaka chai ya saa kumi. Kabla ya kuondoka alimwomba atutungie mchezo wa kikundi. Mferejini madebe yalirudi kwenye mstari mmoja.

Mchezo ule tuliucheza kwenye ukumbi wa reli, na hata sasa ningeulipia kuuona. Jirani yangu alikataa kuwa mke mzembe na akakataa kuwa mke safi. Alijipa kuwa bwana afya, mwenye kofia na fimbo, anayekuja kukagua nyumba yangu na kupata vumbi kila anapogusa, kisha anatoka nje, upepo wa ziwani unamvumia, anageuka mweupe kuanzia kofia mpaka viatu. Tulitumia unga wa ngano. Mwenyekiti wetu alikuwa nyuma ya pazia, akiumwaga kwa karai, na aliumwaga kwa moyo wote.

Tulikaa majirani mpaka mume wake alipohamishiwa Kisumu. Kabla hawajaondoka nilimpeleka kwenye jumba la sinema la mjini, tukaketi kwenye mabenchi ya mbele ya bei rahisi, tukatazama sinema ya Kihindi ambayo hatukuelewa neno lake hata moja. Mimi nililia kwa sababu ya binti aliyekatazwa kuolewa. Yeye hakulia. Alikuwa akimtazama mzee mmoja aliyefungua mlango tu, akapokea barua akaondoka.

"Umemwona huyo?" akaniuliza tulipotoka nje kwenye jua.

"Nani? Wa mlango?"

"Amepokea barua kama mtu ambaye miguu inamuuma. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo."

Nilimwambia binti alikuwa mzuri zaidi. Alisema binti alijua kwamba anatazamwa. Tulibishana kupita sokoni, tukabishana kuvuka reli, na tulipofika landhi bado hatukuwa tumekubaliana, kwa hiyo alipika chai tukaendelea.